Kopo la Tatu

Chausiku Mbwana aliamka na hasira, akaoga nazo, akapanda nazo metro ya Guangzhou mpaka Pazhou, na aliposhuka zilikuwa bado mpya kama viatu vya Idi.

Sababu anayo. Jumamosi jioni watu kama arobaini walijazana kwenye mkahawa wa Nahla, wakala biriani, wakatazama sinema ya Kihispania ya miaka ya hamsini, wakalia kwa kwikwi kama wafiwa. Leo ni Jumatano, na ukimuuliza yeyote kati yao, hakuwapo. Mmoja alikuwa na homa. Mwingine alikuwa akizungumza kwa simu na mkewe aliyeko Mbagala. Wa tatu, aliyekula sahani mbili na kufunga ya tatu aende nayo, alisema mkahawa wenyewe hajui uko mtaa gani.

Na saa kumi alasiri kamati ya chuo ilikuwa inakaa kumhukumu Elinami.

Elinami ni kijana wa Kilimanjaro, anasomea kutunza filamu za zamani, kwa ufadhili. Filamu ile ilikuwa ya chuo, makopo manne ya bati, kila kopo sehemu moja. Elinami aliyachukua kimyakimya pamoja na projekta, akayapeleka kwa Nahla, akawaonyesha wafanyabiashara wa nyumbani, kisha akayarudisha. Jumatatu fundi wa chuo alipofungua kopo la tatu, alikuta ukanda wa plastiki wa kufungia marobota, umeviringishwa vizuri, uzito uleule. Filamu haimo. Chuo hakikuwa na habari ya mkahawa. Kilichojulikana ni kwamba funguo za stoo alikuwa nazo Elinami. Asipopata jibu la maana, angefungishwa virago, na nafasi moja tu iliyokuwapo ya kwenda Hispania kujifunza kuokoa filamu zilizochakaa angeipata aliyemfuatia kwa alama.

Aliyemfuatia kwa alama alikuwa Shedrack. Ndiyo maana Chausiku alianzia Pazhou.

Kabla ya kuwa wakala wa mizigo, Chausiku alikuwa mkaguzi wa polisi Tanga. Siku alipoambiwa na wakubwa afunge jalada, alifunga mlango badala yake, akaondoka. Tangu hapo Waswahili wa Guangzhou wakipotelewa na kitu, iwe mtu au kontena, humwendea yeye kwanza.

Alimkuta Shedrack kwenye kibanda cha vigae, ndani ya jumba la maonyesho, amevaa suti na beji shingoni. Kila msimu wa maonyesho Mkenya huyu hufanya ukalimani, na Kichina chake kinateleza kuliko vigae anavyovisifia.

"Anti Chausiku! Umekuja kununua vigae?"

"Nimekuja kununua ukweli. Bei gani?"

"Huo *meiyou*, Anti. Hamna stoku."

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Naandika kazi ya profesa."

"Na nani?"

"Na sufuria ya wali. Muulize."

"Kwa Nahla hukwenda?"

Shedrack alicheka kwa pua. "Nikafanye nini? Filamu hiyo niliiona Ijumaa, pale chuo, kwenye skrini ya maana, na maandishi ya Kichina chini. Niende nikaione tena kwenye ukuta wa mkahawa, Elinami akiropoka juu ya sauti za waigizaji? Mimi nasoma sinema, Anti. Siitangazi kama mpira."

Neno hilo lilimuuma Chausiku, maana yeye mwenyewe alikuwa amekaa karibu kabisa na ukuta huo. Elinami alifanya wanachofanya watia maneno wa vibanda vya video huko nyumbani: sauti inapunguzwa, mtu mmoja anashika kipaza sauti, anawasemea wote, bwana na bibi, mtoto na punda. Tena alifanya vizuri. Leso ya Chausiku bado iko kwenye nguo chafu.

"Haya, nisimulie. Mtu aliyeiona sinema haimshindi kuisimulia."

"Unanipima?"

"Nakupima."

Shedrack akaegemea meza. "Kijiji cha ukame. Don Eusebio ndiye mwenye kisima, mzee anachechemea, ana roho ya jiwe, anauza maji kwa kijicho. Binti yake Remedios anapendana na kibarua. Sehemu ya pili kibarua anafukuzwa, mzee anatumbukia kisimani. Sehemu ya tatu ndugu yake pacha anakuja kutoka Kuba, yeye anatembea wima, anakifungua kisima watu wateke bure, kumbe ana lake moyoni. Sehemu ya nne mvua inanyesha na harusi inaharibika. Nimefaulu?"

Alikuwa amefaulu. Kila kitu kilikaa vile vile alivyokiona Chausiku, mpaka ile mvua.

"Na nafasi ya Hispania?"

"Nikiitaka nitaipata kwa kichwa changu, sio kwa mkono wangu." Akajiweka sawa tai. "Ukitaka msaada, angalia kwenu. Ule ukanda wa marobota, mwanafunzi ataupata wapi? Hiyo ni kazi ya watu wa mizigo. Kuna wazee wa hapa mjini wanakusanya filamu za zamani, mtu yeyote wa soko la Liuhua anaweza kuwa ameahidiwa pesa."

Chausiku alitoka hana cha kumshika. Hasira zikapanda daraja, kwa sababu kijana alikuwa amesema jambo la akili.

*

Liuhua asubuhi ni mikokoteni na matusi. Maulid, mmoja wa wale arobaini, alikuwa juu ghorofani, katika kijiduka chake, anafunga viatu vya kwenda Kariakoo, jasho linamtiririka mpaka kwenye kitambi.

"Maulid, Jumamosi ulitoka katikati ya sinema na mfuko mweusi."

"Mimi sikuwapo."

"Maulid."

"Haki ya Mungu, dada, mimi nilikuwa..."

"Ulikaa nyuma yangu. Ulinipumulia shingoni sehemu mbili nzima. Unanuka kitunguu mpaka leo."

Maulid akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Dada Chausiku, viza yangu inakaribia kwisha. Nikiandikwa popote, hata kwenye karatasi ya sinema, nimekwisha. Wote tumekubaliana. Hakukuwa na onyesho."

"Mmekubaliana! Mtoto wa watu amewachekesha, amewaliza, amewakumbusha nyumbani, na nyinyi mmekubaliana afukuzwe?"

"Nani kasema afukuzwe? Tumesema tu hatukuwapo."

"Mfukoni mlikuwa na nini?"

"Sampuli za ndala. Muulize Nahla, alinipekua mpaka kwenye soksi! Si unamjua tangu vikombe vyake vya chai vianze kuhama? Hakuna mtu anatoka pale na mfuko bila kupekuliwa. Baba yake mzazi angepekuliwa."

Chausiku akamsogelea. "Wote? Mimi nilitoka wa kwanza, nikadhani ni mkoba wangu tu."

"Mimi nilikuwa chini kwenye ngazi nasubiri gari la mzigo. Walipekuliwa wote mlangoni, mmoja mmoja, wanalalamika. Makopo ya Elinami tu ndiyo yalipita yamefungwa."

Chausiku akauchomoa ule ukanda, alioletewa na Elinami jana, kutoka mkobani, akauvuta kwenye mwanga wa dirisha. Kazi yake ni mizigo. Kanda hizi anazigusa kila siku ya Mungu. Ukanda uliokwisha kufunga robota huwa umevutika, na pale kibanio kilipouma hubaki alama kama ya meno. Huu ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho. Haukuwahi kufunga hata robota la soksi. Mtu aliuchukua mpya dukani, akaukata kwa mkasi mpaka ukafika uzito alioutaka, ili yeyote atakayelifungua kopo awafikirie wafanyabiashara.

Na yeye Chausiku, mkaguzi mzima, amekuja mbio Liuhua kubweka palepale alipoelekezwa. Alimwacha Maulid bila kuaga.

*

Mkahawa wa Nahla ulikuwa umefungwa tangu Jumapili. Nahla, Mzanzibari mwenye sauti ya kuuzia samaki, alifungua mlango wa chuma kwa upana wa uso wake tu.

"Shoga, mimi sikufanya onyesho."

"Nimekuja kula."

"Hakuna chakula."

"Basi nitakula wewe. Fungua."

Elinami alikuwa ndani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, shati limepigwa pasi kwa ajili ya kamati. Alisimama kumwamkia. Chausiku akaitikia huku anafungua kabati la kwanza.

"Filamu haijatoka humu," alisema. "Madirisha yana nondo, mlango una Nahla. Aliyeibadili alijua kuna kupekuliwa, akaificha aje kuichukua kesho yake. Kesho yake Nahla akafunga mkahawa kwa woga. Tafuta."

Walipekua chini ya kaunta, nyuma ya mapipa ya mafuta, ndani ya magunia ya mchele. Hamna. Elinami alizidi kufifia. "Filamu imezeeka, Mama. Ukiinusa unasikia siki. Ikizidi kukaa na joto hili itajikunja kama gome. Nakala nyingine zote zilizobaki duniani zina sehemu tatu tu. Hii ndiyo inayo ile ya tatu."

"Kwa nini hiyo tu?"

"Walikuwa waongozaji wanne, kila mmoja na sehemu yake, na hawakuwa wakisemezana. Mtayarishaji aliwagawia kama mtu anayegawa shamba. Wa tatu alifanya alivyotaka. Wa kwanza alimfanya Don Eusebio achechemee. Yeye akasema kuchechemea ni kiini macho cha maonyesho ya kijijini, akamtembeza wima. Ilipotoka, watu walizomea, sehemu ya tatu ikakatwa kila mahali."

"Akamtembeza wima nani?"

"Don Eusebio."

"Eusebio alikufa kisimani. Aliyetembea wima ni pacha wake."

Elinami akatazama sakafu. Nahla, aliyekuwa amepanda juu ya ndoo, akageuka naye.

"Hakuna pacha, Mama."

"Unasemaje?"

"Hakuna pacha. Mzee alitumbukia, akaopolewa. Mtu ni yuleyule. Lakini watu wakaanza kupiga kelele, mbona hachechemei, mbona hachechemei, mmoja akasema arudishiwe hela na wala hakulipa. Ikabidi niseme kitu. Nikasema huyu ni ndugu yake pacha."

"Na Kuba?"

"Kuba ilinijia tu."

"Mwanaharamu mkubwa!" Chausiku alipiga meza, chupa ya pilipili ikaanguka. "Nimemlilia yule mwanamume! Nimelowesha leso kwa mtu uliyemzaa mdomoni mwako wewe, kwenye..."

Mkono ulibaki hewani.

"Ile ya Ijumaa, pale chuo. Kulikuwa na pacha?"

"Atatoka wapi? Ilikuwa filamu yenyewe, na maandishi ya Kichina."

"Shedrack kanisimulia pacha asubuhi hii. Na Kuba kanitajia." Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, na waliomjua Tanga wangekwambia kwamba hapo ndipo pa kuogopa. "Ijumaa hakuwapo. Anachokijua amekijulia hapa. Nahla!"

"Mimi sijaona mtu. Sikufanya onyesho."

"Nahla bint Seif, kijana anarudishwa kwao kwa aibu ya wizi, wewe unalinda nini? Ukuta? Ukuta utaukuta palepale. Shedrack alikuwapo?"

Nahla alishuka kwenye ndoo polepole. Akasema kwa ghadhabu ya mtu aliyekamatwa anakosea. "Alikuwapo. Alinisaidia kutoa vyombo. Nikasema kumbe wamebaki vijana wenye adabu."

"Jikoni aliingia?"

"Kaingia katoka, kaingia katoka. Ile sehemu ya mwisho inachezwa, yeye anakusanya sahani mezani kwa Elinami."

Mezani kwa Elinami ndiko kopo la tatu lilikokuwa limewekwa, limekwisha chezwa, na gizani Elinami, macho ukutani, hakulitazama wala hakumwona anayetoa sahani. Chausiku akamgeukia kijana.

"Wewe ungeiba filamu iliyozeeka, ungeificha wapi?"

"Mimi siibi, Mama."

"Mbona pacha uliweza? Jibu."

"Ningeitunza." Alisema bila kufikiri, kama mtu anayejibu mtihani. "Ningeiviringisha kwenye mifuko miwili isiyopitisha maji, nitoe hewa, niibandike, niweke penye baridi kali..."

Wote watatu wakaligeukia friza.

Ilikuwa chini kabisa, chini ya mapaja ya mbuzi, ndani ya mifuko miwili, hewa imekamuliwa, gundi imezungushwa pembe zote bila mkunjo. Mwizi wa kawaida angeitupa nyuma ya gunia. Huyu alisomea. Hata katika kumwangamiza mwenzake, mkono wake ulikataa kuiharibu filamu, na mkono huo ndio uliomtaja.

"Kwenye nyama yangu!" alisema Nahla. "Kwenye nyama yangu ya kuuzia watu!"

Chausiku alinyoosha kucha kwenye gundi. Elinami akamdaka mkono. "Usifungue! Ikikutana na joto ghafla itatoa maji. Iende hivyohivyo."

*

Kwenye ukumbi wa ghorofa ya nne ya chuo, nje ya chumba cha kamati, Shedrack alikuwa amekwisha fika. Aliitwa, kama mtu wa pili kwa alama. Aliona mfuko wenye barafu mikononi mwa Elinami, na uso wake ukafanya kazi ya haraka sana kubaki ulivyo.

"Pacha gani, Shedrack?" Chausiku alimuuliza.

"Pacha?"

"Wa Kuba. Elinami ndiye aliyemzaa, Jumamosi, kwa uchungu. Wewe ulimwona Ijumaa."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, hakukimbia. Alimsogelea, akazungumza taratibu kwa ile sauti ya ukalimani. "Sawa, Anti. Ingia useme. Useme kulikuwa na onyesho la siri. Useme filamu pekee ya dunia ililala chini ya mbuzi. Nahla atapoteza leseni, wale wengine watatafutwa na viza zao, na Elinami atafukuzwa kwa kuitoa stoo badala ya kuiiba. Kuna tofauti? Nani atasimama pale aseme alikuwapo? Niambie jina moja."

Mlango ulifunguliwa.

Mwenyekiti alikuwa Profesa Kuang, mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye miwani ya kamba. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akaugusa, akausikia baridi, na kwa mara ya kwanza akamtazama Elinami usoni. Elinami hakusubiri kuulizwa. Alisema yeye ndiye aliyeyatoa makopo, akawaonyesha watu wa kwao kwa lugha yao, na kwamba kopo la tatu lilibadilishwa hukohuko na mtu aliyedai hakufika. Alimtaja.

Shedrack akacheka kwa adabu. Akasema kwa Kichina kizuri kwamba anamhurumia mwenzake. Onyesho gani? Nani alikuwapo?

Profesa akauliza hilohilo: nani alikuwapo?

Chausiku alisikia swali hilo alilolibeba siku tatu nzima kutoka duka hadi duka. Alikuwa amemuuliza kila mtu, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyemrudishia swali yeye mwenyewe. Kibali chake mwenyewe cha kukaa kilikuwa kinaombwa upya mwezi ule.

Alisimama. "Mimi," alisema, kwa Kichina chake cha kupigania bei. "Mimi nilikuwapo. Nilikaa mbele. Huyu kijana nilimwona leo, akanisimulia sinema yenye pacha." Akatoa pasipoti, akaiweka juu ya meza ya profesa kwa kishindo kama mtu anayelipa deni la matusi. "Jina langu hilo hapo. Andikeni."

Katibu akaichukua. Elinami akaeleza habari ya pacha, kwa aibu, sentensi kwa sentensi, ila hakusema kwenye filamu yenyewe mzee anakuwaje. Mjumbe mmoja wa kamati alijiziba mdomo asicheke. Profesa Kuang hakucheka. Alimgeukia Shedrack.

"Uliiona Ijumaa?"

"Ndiyo, Profesa."

"Basi tusimulie sehemu ya tatu."

Shedrack alifungua kinywa. Pacha hakuweza kumtaja tena, na Kuba hakuweza kuitaja. Aliviondoa vitu hivyo viwili, akatazama ndani, hakukuwa na kitu kingine. Alianza kusema mzee, akakwama. Akasema kisima, akakwama. Kichina kizuri chote kilimkauka mdomoni. Feni ya dari ilizunguka. Profesa alimpa muda wa kutosha, na muda huo ulikuwa mbaya kuliko kofi.

Hukumu haikuchukua muda. Elinami asiguse projekta mpaka mwaka wa masomo uishe, na aandikwe onyo. Nafasi ya Hispania ibaki yake. Shedrack abaki chumbani, wengine watoke. Pasipoti ya bibi huyu itakaa ofisi ya usalama mpaka Jumatatu, atakapoitwa kueleza onyesho lilifanyika kwa nani na kwa kibali gani.

"Mkahawa wa nani?" katibu aliuliza, kalamu tayari.

"Jumatatu," alisema Chausiku. "Mmesema Jumatatu."

Nje Elinami alitaka kumshika mkono, machozi yanamlengalenga. Alimwambia aende akale. Akashuka ngazi peke yake, akavuka barabara kuelekea metro, mkoba mwepesi kwa kile kilichokosekana ndani yake. Kwenye mlango wa kituo askari wawili wa doria walikuwa wakikagua hati za wageni. Vijana wawili wa Kongo waliwaona kwa mbali, wakageuza njia.

Chausiku hakugeuza. Alimwendea askari mrefu zaidi, akasimama mbele yake kabla hajaitwa.

"Sina pasipoti," alisema. "Nimeiacha kule juu, kwa hiari yangu. Haya, niulize kwa nini."